Haikuwa Pepo, Ilikuwa Upepo

Mwezi uliopita tulimzika Amisi, na siku ya kufunga matanga, pale uani kwake Kabondo, Papa Kambale alisimama mbele ya watu akasema uongo. Aliusema vizuri, siwezi kukataa. Kambale ni mfanyabiashara wa chumvi, mtu wa Kivu ya Kaskazini, Mkatoliki wa kupiga magoti mpaka suruali inatoboka, na tangu zamani akisimulia kitu unasahau chai yako mkononi. Aliwaambia watu kwamba wakati wa vita moteri ya marehemu, mashine yake ya kusukuma mtumbwi, iliingiwa na pepo, kwamba pepo huyo alitumwa na komanda wa bariyeri ya mto, kile kizuizi cha askari, na kwamba yeye Kambale, kwa rozari yake, alimtoa pepo huyo katikati ya maji, mchana kweupe, abiria wote wakiona. Watu wakaitikia kwa sauti ya chini. Nikaweka kikombe chini.

"Kambale," nikasema, "haikuwa pepo. Ilikuwa upepo."

"Mama Sakina, ile ni kitu moja tu."

"Hapana. Pepo inafukuzwa na padri. Upepo unafukuzwa na skurubu."

Kucheka matangani si adabu, lakini watu walicheka, na mimi sikuomba radhi. Mama Zubeda, mjane mwenyewe, aliinua kichwa pale kwenye mkeka wake akasema: "Eleza, Sakina. Amisi hawezi kupenda komanda asifiwe ndani ya nyumba yake." Kwa hiyo naeleza. Shule yangu iliishia darasa la tatu na sioni aibu: leo kuna pirogi zangu, mitumbwi mikubwa, zinazopanda na kushuka kati ya Kisangani na Basoko, na fundi anayetaka kunidanganya juu ya moteri hurudi kwao na aibu yake. Nitaandika jinsi ninavyosema. Asiyependa aweke kitabu chini akasikilize Kambale.

Mwaka ule wa vita mto ulikuwa umefungwa upande wa chini. Meli za Kinshasa hazikupanda tena, na kila kitu cha mji kilishuka na ndege: chumvi, sabuni, viberiti, esansi. Esansi, ile ambayo wengine wanaiita petroli, iliuzwa kwa chupa kando ya barabara kama mafuta ya mawese. Chakula ndicho kilichobaki kutoka kwetu wenyewe, na chakula kilikuwa Yanonge, ukishuka mto, kabla ya pale ulipofungwa. Nilikuwa mwanamke kijana, sina mume, sina deni la heshima kwa mtu, nauza kwanga, ile mikate ya muhogo ya kufungwa kwenye majani. Nilipanga chumba katika ua wa Amisi, ukuta mmoja na salon yake, yaani sebule, ukuta mwembamba kiasi kwamba Zubeda akigeuka kitandani mimi nilijua upande gani. Amisi alikuwa na moteri. Pirogi alikodi, lakini moteri ilikuwa yake, aliipata kabla ya vita kwa kusukuma baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, mpaka magoti yakapinda. Tukaungana: yeye anaendesha, mimi natafuta abiria, napika njiani, nachagua mihogo Yanonge, kwa sababu yeye muhogo mzuri na mbaya kwake ni sawa.

Moteri haikulala bichi, yaani pale bandari ndogo ya pirogi. Ingeibwa. Kila tukirudi ilifungwa juu ya baiskeli, Amisi akishika usukani, mimi nikisukuma nyuma, mpaka Kabondo, na watu njiani waliisalimia kama mgonjwa anayetoka hospitali. Ndani ya salon ilikaa juu ya kigoda chake cha mbao, katikati ya kiti cha wageni na redio, na Zubeda aliifunika kitambaa cheupe cha kufuma, kile alichopewa siku ya harusi. Alikuwa anawaambia wageni: "Karibuni. Huyu ni bwana yangu, na huyu ni bwana ya bwana yangu." Chumba kizima kilinuka mafuta. Tulikula lituma, ndizi zile za kuchemsha na kuponda, na samaki wa moshi, migongo yetu ikiegemea moteri, na sijawahi kula vizuri vile katika hoteli yoyote niliyolala baadaye.

Shida ilikuwa bariyeri. Katikati ya njia, upande wa kupanda kwenda mjini, kulikuwa na askari waliosimamisha kila pirogi inayopanda, na askari walitaka samaki, walitaka sigara, lakini zaidi ya vyote walitaka esansi kwa ajili ya pikipiki zao. Wakiona tanki lako wanalichukua, tanki na kilichomo. Kwa hiyo kila mwenye moteri katika mto ule alificha tanki. Karibu na moteri tuliacha kidumu kidogo wazi, chenye esansi ya kunawia vidole, ndicho tulichowaonyesha. Tanki lenyewe tulilitia chini ya bashi nyeusi, lile turubai la plastiki, mzigo juu yake, na bomba la mpira likapita chini ya mbao mpaka kwenye moteri. Na kifuniko cha tanki kina skurubu ndogo, ya tanki kupumulia. Ile tuliikaza kwa koleo, nguvu zote, ili harufu isitoke, kwa sababu pua ya askari asiye na esansi ni pua ya mbwa. Kila mtu alifanya hivyo, na kufundisha mtu kazi ya moteri mwaka ule kulianza pale: kaza skurubu, funika bashi.

Basi, kushuka Yanonge hatukuwa na shida. Tulitoka asubuhi, maji yanatusukuma, moteri inaimba. Kurudi ndiyo ilikuwa kisa. Tunafika bariyeri jua liko utosini, tunazima, tunasimamishwa, wanapekua, wanauliza, wanacheka na abiria wa kike, mpaka watuchoke. Tunawasha. Moteri inakubali. Tunapanda, tunafika mbele ya kisiwa kile chenye mikindu, na pale pale moteri inapandisha sauti kama mtu anayetaka kupiga chafya, halafu kimya. Mto wetu hauna huruma na kimya. Unakugeuza na kukurudisha ulikotoka, na sisi ulikuwa unaturudisha wapi? Bariyeri. Abiria wanapiga kafi bure, Amisi anavuta kamba mpaka kiganja kinatoa damu, na pirogi inakwenda kinyumenyume, polepole, moja kwa moja kwa komanda.

Komanda huyo alikuwa mtu wa mzaha. Alinyoa ndevu kwa kioo cha pikipiki iliyokuwa haina esansi, ameketi mbele yake kama kinyozi na mteja. Mara ya kwanza tuliporudishwa alifuta povu akasema, "Mumesahau kuniaga?" Mara ya pili: "Mzee, hii moteri yako inanipenda." Tukalala pale mpaka jua likashuka, na jua liliposhuka moteri ikawaka kwa kuvuta mara moja, kama haijafanya kitu. Mara ya tatu hakucheka. Alishuka mpaka majini na viatu vyake, akaweka mkono juu ya moteri, akamwambia Amisi taratibu, kama mtu anayeposa: "Mwanamke akirudi nyumbani kwako mara tatu, mara ya ine unamuoa. Ikirudi hapa tena, inabaki. Nimesema mbele ya askari yangu." Askari wake walipiga makofi. Amisi alijibu, "Ndiyo, komanda."

Usiku kupitia ukuta nilimsikia Zubeda: "Uza basi, kabla haijachukuliwa." Na Amisi: "Nikiuza, nitasukuma nini? Miguu gani?" Nilijua pia hali yangu mimi. Bila moteri ile ningerudi kukaa kando ya barabara na beseni la kwanga moja moja, na nilikuwa nimekwisha kuonja mto. Mtu aliyeonja mto hakai kando ya barabara.

Tulitafuta ugonjwa kila mahali. Tulitoa mabuji, plagi za kuwashia, tukayasugua kwa msasa, cheche safi, ya buluu. Tulifungua kabureta juu ya meza ya chakula, Zubeda akilia juu ya kitambaa chake, tukapuliza kila kitundu kwa mdomo. Tulichuja esansi kwa soksi, halafu kwa kitambaa cha kuchujia uji. Tulibadili kipimo cha mafuta. Kila mtu alikuwa na neno. Mwenye pirogi alisema bomba limezeeka. Papa Kambale, ambaye alisafiri nasi kila mara na magunia yake ya chumvi, alisema tatizo ni jicho. "Moteri haikufi mbele ya bariyeri, sivyo? Haikufi ku Yanonge. Inakufa kisha komanda kuiangalia. Bon. Kitu inakufa kisha kuangaliwa, utaita nini?" Kusema kweli, kwa mtu asiyetaka kufikiri zaidi, alikuwa na hoja. Kitu kilichonisumbua mimi ni kwamba nyumbani haikufa kamwe. Tuliifunga juu ya pipa la maji uani, mchana wa jua kali, ikanguruma mpaka majirani wakatuma watu kutuomba tuwaonee huruma. Amisi akasema, "Iko na akili. Inajua kama iko ku nyumba."

Halafu siku moja nilikwenda kununua esansi kwa yule muuza chupa wa karibu na kanisa. Chupa zake zilikuwa zimekaa juani juu ya meza, nyingine chini ya meza, kivulini. Akachukua ya juani, akalegeza kizibo, ikalia pshii, na mapovu yakaanza kupanda ndani yake kutoka chini, kama maji ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, yanapoanza kuchemka.

"Iko nachemka," nikasema.

"Usiogope, mama. Inapumua tu. Hii ya sasa ni nyepesi sana, ukiisahau ku jua inajiendea mbinguni."

Nikamwambia afungue ya kivulini. Ikafunguka kimya. Nikagusa ile ya juu, moto. Nikagusa ya chini, baridi. Yule mtu alidhani nataka kupunguziwa bei. Mimi nilikuwa nimeacha kumsikia. Nilikuwa naona tanki letu chini ya bashi nyeusi, jua la saa za mchana juu yake, mdomo umezibwa kwa koleo, na bomba limelala kwenye joto mpaka moteri. Nilirudi Kabondo nikikimbia, liputa, kitenge changu, nimekipandisha mkononi, sina aibu.

"Tonton," nikamwambia Amisi, kama nilivyomwita kwa heshima ya mjomba, "leo tunaiua."

"Tunaua nini?"

"Moteri. Tunaiua hapa hapa ku nyumba. Ikikubali kufa hapa, basi komanda hana jicho."

Alinitazama kama mtu anayeangalia mke wa mwenzake amelewa. Lakini Amisi alikuwa na sifa moja ambayo wanaume wengi hawana: ukimwonyesha kitu anakuja kuangalia. Tukaifunga moteri juu ya pipa. Tukaleta tanki, tukaliweka juani, skurubu imekazwa kama njiani, bashi nyeusi juu, magunia juu ya bashi. Tukawasha, ikanguruma vizuri, kwa muda wa kutosha kuchemsha chungu. Tukazima. Sasa ilitakiwa tungoje kama tunavyongoja bariyeri, na sisi hatukuwa na saa, kwa hiyo nilimwita Zubeda awe komanda. Alitoka jikoni na mwiko begani.

"Wewe, mzee. Papier ya moteri iko wapi?"

"Zubeda, fanya kwa kweli."

"Zubeda ni nani? Mi ni komanda. Shusha abiria yote. Huyu mwanamuke wa kwanga anaenda wapi na matako ile? Lete samaki. Hii si samaki, hii ni mifupa. Lete ingine. Mzee, mbona unatoka jasho, umeficha nini?" Alitupekua mpaka mifukoni, alitoa sigara ya Amisi akaivunja kwa mwiko, alikaa juu ya kiti akajinyoa ndevu ambazo hana. Nilicheka mpaka nikashika mti wa kuanikia nguo. Alipochoka akasema, "Haya, potea," na Amisi akavuta kamba.

Moteri ikawaka. Tukasimama wote watatu tukiiangalia. Ikaendelea, ikaendelea, nikaanza kuona haya. Halafu ikapandisha sauti, ile ile, ya chafya. Ikafa.

Sijui kama nitaweza kueleza furaha ile. Amisi alinikamata mabega akaruka, mtu mzima, na mimi nikaruka naye, na tukalipiga pipa kama ngoma. Zubeda akabaki na mwiko wake: "Mumeua moteri na munacheka? Nani ameloga nani hapa?" Mpaka leo nasema: ugonjwa unaoweza kuuita ukaja si ugonjwa tena, ni mbuzi wako, umemfunga kamba. Nilipiga magoti nikashika kile kitumbo cha mpira kilicho katikati ya bomba, kile tunachokamua kwa mkono kupandisha esansi. Kilikuwa kimenywea, kuta zake zimeshikana kama ziwa la bibi kizee. Nikakikamua, hakikujaa. Amisi akachukua koleo, akalegeza skurubu ya kifuniko, na tanki likavuta pumzi, fyuuu, kwa nguvu, kama mtu aliyetolewa kichwa majini. Bomba likapiga mapovu.

"Iko na upepo," akasema. "Angalia, Saki. Mu bomba yote ni upepo. Esansi iko wapi?"

Jirani nyuma ya ukuta wa matete alisikia, na masikio ya jirani ni mafupi: ile "u" ya mbele ya upepo haikumfikia. Kabla ya sala ya magharibi Kabondo nzima ilijua kwamba moteri ya Amisi iko na pepo na yeye mwenyewe amekiri. Ndipo uongo ule ulipozaliwa, na umeishi kuliko Amisi.

Lakini sisi tulikuwa tumeelewa, hata kwa nini zamani nyumbani haikufa: uani hatukuwa na askari wa kumficha tanki, lilikaa bila bashi, skurubu imelegezwa. Joto linageuza esansi kuwa mvuke, na moteri imefundishwa kunywa maji ya esansi, haikufundishwa kunywa upepo. Tena sisi tulikuwa tumeziba tanki, kwa hiyo kila ilichovuta hakuna hewa iliyoingia kushika nafasi, kama mtoto anayenyonya chupa isiyo na tundu: ananyonya, ananyonya, mwisho anashika upepo na kulia. Na kadiri anavyovuta, ile esansi iliyobaki inazidi kuchemka upesi. Nikalowesha kitambaa, nikakizungusha kwenye bomba, nikalifunua tanki, nikakamua kitumbo mpaka kikawa kigumu. Amisi akavuta. Ikawaka mara moja.

Tukaketi chini, na furaha ikaanza kupoa. Amisi ndiye aliyesema. "Donc, tunafanya nini? Tukifungua skurubu, banasikia harufu, banakamata tanki. Tukifunga, inakufa, inarudi, banakamata moteri. Chagua." Ilikuwa kweli. Ujanja wetu wote wa mwaka ule, ule tuliojisifia bichi nzima, ndio uliokuwa unaua moteri. Tuliificha vizuri mpaka tukaizika.

Zubeda alirudi jikoni akipita kando ya mapipa yangu, yale niliyoloweka mihogo ya kwanga mpaka inalainika na kuoza kidogo, na kama kila siku akafunika pua. "Na hii mavi yako, Sakina, mpaka lini? Hata nzi inakuja na kitambaa ku pua."

Nilimwangalia Amisi. Amisi akaniangalia. Kisha akaangalia mapipa.

Safari iliyofuata, Yanonge, sikununua mihogo mibichi. Nilinunua iliyokwisha kulowekwa, magunia yanayochuruzika, yenye harufu ya kukimbiza mchawi. Tanki tuliliweka chini kabisa, skurubu wazi, bila bashi, magunia pande zote na moja juu yake, na gunia lililolowa, upepo wa mto ukilipiga, linakuwa baridi kama tumbo la chura. Bomba nililizungushia vipande vya liputa langu la sherehe, nililichana mwenyewe, na kila mara nikavimwagia maji. Nani atauliza kwa nini mwanamke anamwagia mihogo maji? Kitu kimoja nilikataa: mbabula haitawashwa. Skurubu ikiwa wazi, jiko la makaa halina ruhusa katika pirogi ile. Nilipika kila kitu Yanonge, lituma na samaki wa kufunga kwenye majani, nikavipanga kwenye beseni. Abiria walihamia mbele wote, pua zimefungwa. Kambale akaketi juu ya chumvi yake ambayo haikuuzika, rozari mkononi. "Mama Sakina, umebeba maiti?"

"Nimebeba chakula yako ya kesho, papa."

Tulifika bariyeri jua liko juu ya vichwa. Komanda alikuwa kwenye kioo chake. Alimwona Amisi, akaona hofu usoni mwake, akatabasamu. Askari wakaingia. Wawili walifika nyuma, wakasikia harufu, wakarudi. Wa tatu alikuwa mwembamba, mwenye njaa, na njaa haina pua. Alikanyaga mpaka kwenye magunia, akashika lile la juu, lile lililolala juu ya tanki.

"Hii tunabaki nayo. Komanda anapenda kwanga."

Amisi aliangalia maji. Mimi nikasema, "Kamata, mwanangu. Lakini utaimenya, utaiponda, utaikanda, utaifunga ku majani, utaipika. Komanda atakula kesho kutwa. Hii iko tayari." Nikafunua beseni. Harufu ya samaki wa majani ikapanda, na yule kijana mkono wake ukaacha gunia wenyewe. Nikampa beseni zima, na pilipili.

"Leo hamupiki mu pirogi?" komanda akauliza kutoka kwenye kiti.

"Makaa imeisha, komanda. Vita."

Akacheka, mdomo umejaa lituma. Akatuachia, akampungia Amisi mkono kwa vidole, kama anavyopungiwa mtu atakayerudi baada ya kitambo kidogo.

Amisi akavuta kamba. Haikuwaka. Akavuta tena, ikawaka. Tukapanda. Wale waliokuwa wamesafiri nasi zamani walishika kafi mapema, wakaziweka juu ya mapaja. Kisiwa cha mikindu kikatokea, kikakaribia, na nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya magunia yangu, mkono mmoja juu ya kitumbo, mwingine ndani ya ndoo. Kikafika ubavuni. Moteri ikapandisha sauti.

Kitumbo kikalegea mkononi mwangu. Nikakikamua, nikakikamua tena. Ndoo ikaisha maji. "Maji," nikasema, na aliyekuwa karibu ni Kambale, macho yamefungwa, rozari inakimbia vidoleni. "Papa, rozari mu mufuko, kofia mu maji." Alifungua macho. Alikuwa na kofia nzuri, ya kutoka Butembo, aliipenda kuliko ndugu zake. Akaichovya mtoni, akamwaga juu ya bomba, akachovya, akamwaga, maji yanatiririka kwenye mikono ya shati lake, midomo bado inasali, na mimi nakamua kama mtu anayekamua ng'ombe wa mtu mwingine. Moteri ilikohoa. Pirogi ikasimama dhidi ya maji, haiendi mbele, hairudi nyuma. Amisi akapunguza kasi ya moteri kidogo, akangoja, akapunguza tena, na nikahisi kitumbo kinajaa kiganjani, kinakuwa kigumu, kinakuwa kizito, na sauti ya moteri ikashuka pale panapotakiwa. Mikindu ikaanza kwenda nyuma.

Abiria waliogopa kusema, moteri isije ikasikia. Mpaka tulipozunguka kona na bariyeri kupotea kabisa, mama mmoja wa mbele akaweka kafi chini na kuuliza kama kuna mtu mwenye karanga. Tukafika mji jua bado lipo, na mwenye pirogi akatuuliza kwa nini tumewahi. Amisi alimjibu kwamba njia ilikuwa nzuri.

Siku mbili zilizofuata nilikanda kwanga, na lile gunia lililokaa juu ya skurubu wazi nililijua kabla ya kulipika. Nilipofungua majani ya kwanza mbele ya Zubeda, akarudi nyuma mpaka mlangoni. "Kwanga hii inanuka esansi ya ndege." Nilitaka kuitupa. Amisi akanikataza. Alisogeza kiti chake karibu na kigoda cha moteri, akakata kipande, akakichovya kwenye pilipili, akatafuna muda mrefu, machozi yakamtoka, ya pilipili au ya nini sijui, akasema, "Musiwashe taa tu." Tukaila, sisi watatu, kipande kwa kipande, tukicheua esansi. Mdomo wangu ulinuka mpaka kesho yake, na bichi kila aliyesogea karibu aliuliza nimekula nini. Nilimjibu kila mmoja kwa sauti ya kufika ng'ambo: nimekula moteri ya komanda.